Tunzo zilihesabiwa mkekani

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipoanza kumfuata shangazi yangu kwenye harusi za Ngamiani, hapa Tanga. Alikuwa mwimbaji wa kikundi kidogo cha taarab, kikundi cha kualikwa, hakikuwahi kurekodi. Kazi yangu ilikuwa kuokota. Mwanamke anainuka kitini, anakuja anacheza taratibu, noti ameinua juu kwa vidole viwili ili ukumbi mzima uione na yule anayelengwa na wimbo ajue kalengwa. Anamtunza shangazi, anarudi zake. Mimi niko nyuma ya gauni la shangazi, naokota zilizodondoka, natia kwenye beseni la bati.

Saa tisa usiku, vyombo vikishafungwa, mkeka unatandikwa uani na beseni linamiminwa. Mpiga kodiani, wa fidla, wa dumbaki, waitikiaji, wote wamekaa. Mzee mmoja anahesabu kwa sauti. Fungu la mtunzi wa maneno linatengwa kwanza, awepo asiwepo. Watu waligombana pale mkekani, tena ugomvi wa kuamsha majirani, lakini kila mmoja alikuwa anaiona pesa anayoigombania.

Siku hizi mimi ndiye mpiga kinanda wa harusi, na vijana wengi wa hapa Tanga huniletea nyimbo zao niwasaidie kuzipandisha mtandaoni. Kuna kijana wa Makorora alikuja na simu mkononi, uso umenawiri. Wimbo wake umesikilizwa sana, kila bajaji inaupiga, lakini hajaona hata mia. Nikamwuliza nani aliupandisha. Prodyuza. Sehemu ya mtunzi limeandikwa jina gani? Hajui. Tukafungua pamoja. Jina lake lipo kama mwimbaji. Mwenye rekodi ni studio. Mtunzi ni studio vilevile. Binti aliyeimba kiitikio hayumo kabisa, na yule mpiga gitaa ambaye gitaa lake ndilo linalofanya watu wautambue wimbo kabla hata sauti haijaingia, naye hayumo.

"Sasa mwalimu, si maneno nimeandika mimi? Na sauti si yangu?"

Ni yake. Ila mfumo wenyewe hausikilizi sauti, unasoma majina yaliyojazwa kwenye fomu.

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotelea. Wimbo mmoja unabeba mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodia. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile tunayoiita masta. Anayemiliki moja si lazima amiliki nyingine, na kila moja ina pesa zake na njia zake. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, inamtambua mtumbuizaji, na inamtambua aliyetengeneza rekodi. Haki za mtunzi zinadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hiyo kijana wa miaka ishirini anapoacha jina lake lisiandikwe, anawanyima na wajukuu ambao hajawazaa.

Pesa za mtandaoni nazo hazina bei ya kudumu kwa kila anayesikiliza, ingawa vijana wanapenda kuambiana "ukisikilizwa mara kadhaa unapata kadhaa". Chukua Spotify, iliyoingia Tanzania mwaka 2021. Ada za wanaolipia na pesa za matangazo zinaingia kwenye kapu la nchi ya msikilizaji, kampuni inakata chake, kinachobaki kinagawanywa kwa wenye haki kulingana na sehemu ya kila mmoja katika usikilizaji wote wa nchi hiyo. Msikilizaji anayelipia London anatia kwenye kapu la kwao zaidi kuliko wa Chumbageni anayesikiliza bure na matangazo yake. Na tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauhesabiwi kwenye mgawo. YouTube nao, kabla hujapata fungu la matangazo kwa video za kawaida, wanataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Msanii anayeanza hapa Tanga asiingie akitegemea hicho kimlipie kodi ya chumba. Shoo na harusi ndizo zinazotulisha. Mtandao unakutangaza, na polepole, kama karatasi zako ziko sawa, unakuwekea akiba.

Wapo wazee wangu wa fani wanaosema simu imeua muziki. Sikubaliani nao, na nitasema kwa nini. Mji huu ulikuwa na Black Star na Lucky Star kwenye taarab, ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwenye dansi, enzi ambazo mkonge ulikuwa unalipa na mwisho wa mwezi kumbi zinajaa. Hata hivyo nchi nzima haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi ilirekodi redio Dar es Salaam, au santuri zake zikachapwa Kenya. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, waliopigia Jamhuri Jazz hapa hapa Tanga, walipita Arusha wakaishia Kenya, na huko mwaka 1971 ikazaliwa bendi ya Simba Wanyika. Sehemu ya muziki wetu ikakulia ugenini. Baadaye zikaja kaseti, na zama za Wagosi wa Kaya, wale vijana wa hip hop wa hapa Tanga, mlango ukawa msambazaji wa Kariakoo, Dar es Salaam: unampa masta, anakupa fedha za mkupuo, kaseti ngapi zimeuzwa anajua yeye. Leo mtoto wa Pongwe anaachia wimbo usiku akiwa kitandani, na asubuhi mtu wa Muscat anausikiliza. Mlango ule haupo tena. Nafurahi kwa moyo wote kwamba haupo.

Kinachoniuma ni kwamba mlango umevunjwa na mkeka nao umekunjwa. Siku hizi hata kutunza kwenyewe kumehamia kwenye simu: namba inatangazwa ukumbini, watu wanatuma, fedha zote zinaingia kwa mtu mmoja. Wa dumbaki anaambiwa "leo haikuwa nzuri", naye hana beseni la kuchungulia.

Nalisema hili kwa sababu lilinipata. Miaka kadhaa iliyopita nilitunga wimbo wa kumwingiza bibi harusi ukumbini, nikarekodi kwenye studio moja kwa kuaminiana, hatukuandikiana kitu. Siku moja nikampigia fundi wa feni, na badala ya mlio wa kawaida nikasikia kinanda changu mwenyewe kikinibembeleza nisubiri. Wimbo wangu ulikuwa umefanywa muito wa simu na kuna mtu alikuwa analipwa. Nilisimama pale dukani simu iko sikioni hata baada ya fundi kupokea na kusema haloo mara tatu.

Sikuwahi kupata chochote, kwa sababu sikuwa na karatasi ya kuonyesha.

Basi maoni yangu ni haya, na nawaambia vijana kila wiki: mkeka utandikwe kabla ya vokali kuingia. Karatasi moja inatosha. Jina la wimbo, tarehe, nani kaandika maneno, nani katoa melodia, nani katengeneza biti, masta ni ya nani, kila mmoja asilimia ngapi, sahihi za wote. Prodyuza akitaka nusu, gombaneni siku hiyo hiyo, wimbo ukiwa bado haujawa pesa. Naye tusimgeuze adui. Amenunua kompyuta, analipa umeme, na wengi wao wanawarekodi vijana kwa mkopo ambao haulipwi kamwe. Anastahili fungu lake, lakini si jina la mtunzi kwa maneno ambayo hakuyatunga. Baada ya hapo wimbo ukasajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, na redio zetu za hapa mjini ziandike kila siku nyimbo zilizopigwa na watunzi wake, maana mirabaha, yaani malipo ya wimbo kupigwa redioni, haiwezi kumfikia mtu ambaye hakuna aliyeandika kwamba wimbo wake umepigwa.

Yule kijana wa Makorora alirudi wiki iliyofuata na prodyuza wake. Nilitarajia ukali, akaja mtu mpole, kachoka, akasema fomu aliijaza usiku na kila mahali palipodai jina akaweka la studio. Tulikaa barazani kwangu, mpiga gitaa akaitwa, binti wa kiitikio akaja na mdogo wake mgongoni. Walibishana kuhusu asilimia kumi za gitaa mpaka kahawa ikapoa. Hatimaye wakakubaliana, nikaanza kujaza majina moja moja.

Nilipofika kwa binti nikaandika, nikamgeuzia simu alisome. Akalisoma mara mbili.

"Shikamoo mwalimu, samahani. Hapa pana herufi moja umekosea."

Nikalifuta, nikaandika upya.