Gavana, Mageuzi na Ajira za Kisiasa: Kisa cha Illinois

Tarehe 12 Novemba 1980, Gavana James Thompson wa jimbo la Illinois, Marekani, alitoa amri ya kusimamisha ajira katika idara na bodi zote zilizokuwa chini yake. Ukiisoma juu juu, ilikuwa hatua ya kubana matumizi ambayo mlipakodi yeyote angeipokea kwa furaha: asiajiriwe mtu, isijazwe nafasi iliyoachwa wazi, wala kisianzishwe cheo kipya, ila kwa kibali cha gavana mwenyewe. Amri hiyo iligusa nafasi zipatazo 60,000, na kila mwaka nafasi kama 5,000 kati ya hizo zilikuwa zikibaki wazi kwa sababu watu walistaafu, waliacha kazi au walifariki. Vibali basi vilitolewa kwa maelfu, na vyote vilipitia ofisi ya ajira iliyokuwa chini ya gavana.

Watu kadhaa, watumishi na waombaji kazi, walikwenda mahakamani wakidai kwamba ofisi hiyo haikuwa ikipima ujuzi peke yake. Kwa madai yao, iliangalia kama mwombaji alipiga kura katika mchujo wa Republican, chama cha gavana, kama alikichangia chama, kama aliahidi kukifanyia kazi, na kama viongozi wa chama wa kwao walimuunga mkono. Mmoja alikuwa mwendeshaji wa mitambo ya barabara aliyesema kwamba alinyimwa cheo cha usimamizi, na baadaye uhamisho, kwa kuwa wakubwa wa chama wa eneo lake hawakumtaka. Mwingine alitaka kazi ya askari magereza, na hakuwahi kuipata. Mtu anapouliza ni itikadi gani ya kisiasa inayohitajika ili kuendesha greda vizuri, anakuwa amekwisha kuingia kwenye kiini cha mjadala huu.

Kesi hiyo, inayojulikana kwa jina la Rutan, ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, nayo ikaamua mwezi Juni 1990, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba ni kinyume cha katiba kutumia uanachama wa chama kama kigezo cha kuajiri, kupandisha cheo, kuhamisha au kurudisha kazini, isipokuwa kwa nafasi ambazo msimamo wa kisiasa unahitajika kweli ili kazi ifanyike. Hukumu mbili za awali, za mwaka 1976 na 1980, zilikuwa zimekataza kumfukuza mtumishi kwa sababu hizo. Hii ya 1990 ilikwenda mbele zaidi na kumlinda hata yule ambaye bado hajaingia kazini.

Kabla ya kuipongeza hukumu hiyo ni haki kuusikiliza upande wa gavana, kwa kuwa una uzito kuliko wengi wanavyokubali. Illinois ndiyo iliyotoa mfano mmoja maarufu wa mageuzi yaliyoongeza nguvu za gavana na kuwaletea wananchi manufaa. Frank Lowden alipoingia madarakani mwaka 1917 alikuta taasisi, bodi na tume zaidi ya 100, nyingi zikiwa hazina mkubwa anayeeleweka, zikipishana na kugongana katika majukumu yaleyale. Kwa sheria moja aliyoisukuma mwaka huohuo, aliziunganisha katika idara 9, kila moja ikiwa na mkurugenzi anayeteuliwa na gavana na kuthibitishwa na Seneti ya jimbo, na majimbo mengine yakaiga. Mantiki yake haijachakaa: mwananchi hawezi kumwajibisha kwa kura mtu asiyemjua, aliyeteuliwa na bodi asiyoijua, kwa muhula usiolingana na uchaguzi wowote. Akiwepo mkurugenzi mmoja aliyeteuliwa na gavana mmoja, barabara ikiharibika au hospitali ya wagonjwa wa akili ikitelekezwa, lawama inajua nyumba ya kwenda.

Kwa sababu hiyo siwaungi mkono wanaoona kila uteuzi wa kisiasa kuwa ni ufisadi. Gavana aliyechaguliwa kwa sera fulani ya elimu au ya kodi, kisha akalazimika kuitekeleza kupitia wakuu wa idara walioteuliwa na mpinzani wake, hana serikali. Ana ofisi tu. Kuwachagua wasaidizi wake wa karibu, wakurugenzi, manaibu wao na wanasheria wakuu wa idara, watu wanaoamini anachokiamini, ni sehemu ya mamlaka aliyopewa na wapiga kura, na anayemnyima haki hiyo anawanyima wao.

Jaji Antonin Scalia, aliyeandika maoni ya walioshindwa katika kesi ya Rutan, alikwenda mbali zaidi. Kwake yeye, vyama vya siasa haviishi kwa hewa; vinahitaji watu wa kupita nyumba kwa nyumba, na watu hao kwa miaka mingi walivutwa na matumaini ya kazi serikalini. Ukiwaondolea matumaini hayo, alionya, vyama vitadhoofika na kampeni zitakuwa za fedha na televisheni. Mtu anayezitazama kampeni za Marekani za leo, zinazomeza mabilioni ya dola, hawezi kusema onyo hilo lilikuwa la mtu asiyeona mbali. Ni kweli pia kwamba kwa jamii za wahamiaji katika miji kama Chicago, kazi iliyopatikana kupitia chama ilikuwa ngazi ya kwanza ya kuingia katika maisha ya umma, wakati milango mingine ilikuwa imefungwa mbele yao.

Hata hivyo hoja hiyo inamsahau anayelipa gharama. Chama kinapomlipa kada wake kwa kazi ya serikali, fedha si zake, na anayepata hasara ni mwananchi anayesimama dirishani kuhudumiwa. Illinois ililijua hilo kwa namna ya kutisha. George Ryan, kabla ya kuwa gavana mwaka 1999, alikuwa Katibu wa Jimbo, cheo cha kuchaguliwa ambacho ofisi yake ndiyo hutoa leseni za udereva. Wafanyakazi wa ofisi hiyo walikuwa wakitarajiwa kuuza tiketi za harambee za kampeni yake, na baadhi yao walizipata fedha hizo kwa kuwauzia leseni madereva wa malori wasiostahili. Mwezi Novemba 1994, karibu na Milwaukee katika jimbo jirani la Wisconsin, kipande cha chuma kilidondoka kutoka kwenye lori lililokuwa likiendeshwa na mtu aliyepata leseni yake Illinois kwa hongo. Gari la familia moja lililokuwa likifuata nyuma lilikikanyaga, tangi la mafuta likalipuka, na watoto 6 wakafa. Uchunguzi wa serikali ya shirikisho uliofuata uliwatia hatiani watu zaidi ya 70, na Ryan mwenyewe akapatikana na hatia mwaka 2006, akahukumiwa kifungo cha miaka 6 na nusu.

Karani wa kupima madereva hatungi sera yoyote. Lakini akishajua kwamba kupanda kwake cheo kunategemea idadi ya tiketi alizouza, utii wake umekwisha kuhama kutoka kwa umma kwenda kwa mtu. Ndiyo maana nafasi za chini, ambazo hakuna mwandishi wa habari anayezifuatilia, ndizo kipimo halisi cha gavana anayejiita mwanamageuzi. Nafasi za juu huwa zinaonekana na kila mtu, zinahojiwa Seneti, na zina jina gazetini.

Aliyemrithi Ryan, Rod Blagojevich, alishinda uchaguzi wa 2002 kwa ahadi ya kukomesha mtindo huo, na mwaka 2003 alitia saini sheria ya maadili iliyoanzisha wakaguzi wakuu wa utendaji wa serikali. Wakati huohuo, mchangishaji wake wa fedha, Tony Rezko, alikuwa na sauti katika kuamua nani aingie kwenye bodi, ikiwamo ile iliyokuwa ikiidhinisha ujenzi wa hospitali. Rezko alitiwa hatiani mwaka 2008, gavana akakamatwa Desemba mwaka huohuo, na Januari 2009 Seneti ikamwondoa kwa kura 59 kwa 0. Sheria nzuri na tabia mbaya ziliishi katika ofisi moja, chini ya saini moja.

Lililofuata baadaye ni la kimyakimya zaidi, nami naliona kuwa la kufundisha zaidi. Mwaka 2014, wakati wa Gavana Pat Quinn, mkaguzi mkuu alitoa ripoti kuhusu idara ya uchukuzi. Aligundua kwamba kwa miaka kama kumi, chini ya magavana wawili, watu zaidi ya 200 waliingizwa katika cheo cha msaidizi ambacho kwenye karatasi kilielezwa kuwa cha kushauri kuhusu sera, hivyo kikawa nje ya ulinzi wa hukumu ya Rutan. Walipofika kazini, wengi walipewa kazi za kawaida zisizo na uhusiano wowote na sera. Hakuna aliyevunja ukuta. Mlango ulichongwa kwa maneno ya maelezo ya kazi. Mpaka kati ya nafasi ya kisiasa na nafasi ya kitaaluma ulikuwepo, lakini kalamu ya kuuchora ilikuwa mikononi mwa walewale waliofaidika ukisogezwa.

Wapo wanaosema tiba ni kufuta ulinzi wote na kumwachia gavana uhuru kamili, kwa kuwa mfumo wa sasa unamlinda mzembe na unachelewesha ajira hadi waombaji hodari wanachukuliwa na makampuni. Jimbo la Georgia lilifuata njia inayokaribia hiyo: sheria yake ya 1996, iliyosukumwa na Gavana Zell Miller, iliwaondolea ulinzi wa kawaida wa utumishi wote walioajiriwa kuanzia Julai mwaka huo. Malalamiko kuhusu ucheleweshaji ni ya kweli, na meneja anayehitaji miezi mingi ya makaratasi ili kumwondoa mtoro anastahili kusikilizwa. Ila uzembe una dawa yake, nayo ni taratibu fupi za nidhamu zenye haki ya kukata rufaa. Kumfanya kila karani awe wa kufukuzika wakati wowote, katika jimbo lenye historia ya Illinois, ni kumrudisha kwenye kuuza tiketi za harambee.

Amri ya mahakama iliyotokana na kesi iliyofunguliwa na wakili Michael Shakman mwaka 1969, na ambayo tangu 1972 ilimzuia gavana wa Illinois kutumia siasa katika ajira, ilifutwa kwa upande wake na mahakama ya rufaa ya shirikisho mwaka 2022. Majaji waliona kwamba jimbo limekwisha kuweka taratibu za kutosha, na kwamba mahakama ya shirikisho haiwezi kuisimamia serikali ya jimbo milele. Nakubaliana nao kuhusu kanuni: jimbo linalochagua viongozi wake lisiendeshwe na jaji kwa nusu karne. Lakini kuondoka kwa mahakama kumeuhamishia mzigo mzima mkaguzi mkuu, ambaye gavana ndiye humteua kwa ridhaa ya sehemu tatu kwa tano ya wajumbe wa Seneti. Kwa hiyo gavana anayefuata akija na mpango mpya wa kupanga upya serikali, wabunge wa jimbo wasianze kwa kuhesabu idara ngapi zimeunganishwa. Waombe kwanza orodha ya nafasi zilizotengwa kuwa za kisiasa, wailinganishe na ile ya mwaka uliotangulia, na kwa kila nafasi iliyoongezwa wamwite mwenye cheo aeleze anafanya nini anapofika kazini siku ya Jumatatu.