Upande wa Ubongo Unaobeba Lugha: Picha za Maabara na Msemaji wa Magharibi mwa Kenya

Mtu akilazwa ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo kwa sumaku, na kuombwa ataje maneno kimoyomoyo, picha za watu wengi huonyesha nusu ya kushoto ya ubongo ikifanya kazi kubwa kuliko nusu ya kulia. Hilo halina mzozo tena. Mzozo uliobaki unawahusu watu wa aina mbili ambao tafiti za mwanzo ziliwaacha pembeni: wanaozungumza lugha kadhaa, na wenye shoto, yaani wanaotegemea zaidi mkono wa kushoto. Katika maabara za Ulaya na Marekani watu hawa wamehesabiwa kwa muda mrefu kuwa wa pekee, wanaovuruga wastani. Huku kwetu, kuanzia Nakuru hadi Busia, aliye adimu ni msemaji wa lugha moja. Mwanamke aliyelelewa Vihiga na kuolewa Kisumu huongea Kimaragoli na mamake kwenye simu, Kidholuo anaponunua samaki sokoni Kibuye, Kiswahili na mwendesha bodaboda, na Kiingereza kazini, yote kabla ya saa sita mchana. Swali la kama matokeo ya maabara hizo yanamfaa lina uzito wa kitabibu, kwa sababu siku akipatwa na kiharusi, au akihitaji kuondolewa uvimbe kichwani, daktari atalazimika kujua au kukisia lugha zake ziko upande gani.

Nianze na mkono, maana ndiko takwimu zilikokusanywa kwa wingi. Daktari Paul Broca wa Paris alieleza mwaka 1861 ubongo wa mgonjwa aliyekuwa amebakiwa na silabi moja tu kinywani, na kufikia 1865 alikuwa amekata kauli kwamba binadamu huzungumza kwa nusu ya kushoto. Baadaye ikaaminika kwamba mwenye shoto ni kinyume cha wengine, lugha yake ikikaa kulia. Imani hiyo haikustahimili vipimo. Mwaka 1977 Theodore Rasmussen na Brenda Milner wa Montreal walichapisha matokeo ya wagonjwa wa kifafa waliopimwa kwa njia ya Wada, ambayo hulaza nusu moja ya ubongo kwa dawa inayoingizwa kwenye mshipa wa damu ili ionekane kama usemi utakatika. Kwa wagonjwa wasiokuwa na jeraha la utotoni, lugha ilikuwa kushoto kwa asilimia 96 ya wanaotumia mkono wa kulia, na kwa asilimia 70 ya wenye shoto. Wenye shoto waliosalia waligawanyika sawa, asilimia 15 wakiwa na lugha kulia na asilimia 15 pande zote mbili.

Mtu angeweza kupinga kwamba hao walikuwa wagonjwa. Pingamizi hilo lilijibiwa mwaka 2000, Stefan Knecht na wenzake wa Münster, Ujerumani, walipowapima watu 326 wenye afya kwa mawimbi ya sauti yanayokadiria mwendo wa damu kichwani. Walikuta lugha iko kulia kwa takriban asilimia 4 ya wanaoegemea sana mkono wa kulia, 15 ya wanaotumia mikono yote, na 27 ya wanaoegemea sana mkono wa kushoto. Kwa hiyo mkono unahusiana na upande wa lugha, ila uhusiano wenyewe ni dhaifu: hata kwa wenye shoto walio wengi, lugha iko kushoto. Bernard Mazoyer na wenzake wa Ufaransa waliongeza mwaka 2014, baada ya kuwapiga picha watu 297, kwamba lugha iliyoegemea kulia kwa nguvu ilionekana kwa kikundi kidogo tu cha wenye shoto, na kwamba ukikitenga kikundi hicho, mkono hausaidii kukisia upande wa lugha.

Kuhusu lugha nyingi hali si wazi kiasi hicho. Mwaka 1978 Martin Albert na Loraine Obler walidai kwamba ubongo wa msemaji wa lugha mbili huishirikisha nusu ya kulia zaidi. Dai hilo lilipata waungaji mkono na wapinzani wakali, Michel Paradis akiwa miongoni mwa wapinzani, aliyeona kwamba vipimo vilivyotumika havikuweza kubeba hitimisho zito kama hilo. Picha za ubongo zilipoanza kutumika, kila upande ulipata cha kushika. Mwaka 1997 Stanislas Dehaene na wenzake waliwasikilizisha Wafaransa wanane hadithi za Kifaransa na za Kiingereza, lugha waliyojifunza shuleni. Kifaransa kiliwasha nusu ya kushoto kwa wote, lakini Kiingereza kilitawanyika, kila mtu na mahali pake, na wengine wakionyesha zaidi upande wa kulia. Mwaka huohuo Karl Kim na wenzake wa New York waliwapima watu 12 na kuona kwamba waliojifunza lugha mbili tangu utotoni hutumia eneo moja la mbele, ilhali waliojifunza ukubwani wana maeneo mawili yanayopakana. Upande, hata hivyo, ulikuwa uleule wa kushoto.

Rachel Hull na Jyotsna Vaid walipojumlisha tafiti nyingi za vipimo vya kusikiliza na kutazama, walipata jambo lililopindua matarajio: waliojifunza lugha mbili mapema, kabla ya miaka 6, ndio walioonyesha nusu zote mbili zikishiriki, na waliochelewa walifanana na wasemaji wa lugha moja. Ikiwa hilo ni kweli, mtoto wa Kisumu aliyepokea Kidholuo na Kiswahili kwa pamoja ndiye ambaye ubongo wake ungetofautiana zaidi na ule wa vitabuni.

Dhidi ya hayo, utafiti wa Saima Malik-Moraleda, Evelina Fedorenko na wenzao uliochapishwa mwaka 2022 ulipiga picha wasemaji wa lugha 45 kutoka jamii 12 za lugha, na karibu katika zote mtandao wa lugha ulikuwa na umbo moja na kuegemea kushoto. Naupa utafiti huu uzito mkubwa, kwa kuwa ulitoka nje ya lugha chache za Ulaya. Lakini ulikuwa na wasemaji wawili tu kwa lugha nyingi, na lugha za Kinailoti kama Kidholuo na Kikalenjini hazikuwa na jamii yao katika hizo 12. Pia, kazi ya kikundi hicho kuhusu watu wenye lugha nyingi kupindukia inaonyesha kwamba mtandao wao hutumia nguvu pungufu wanaposikiliza lugha ya kwanza. Yaani tofauti huenda ikawa katika kiasi cha kazi na wala si katika upande.

Hapo pana jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka mno. MRI ya utendaji haipimi neva zenyewe. Inapima mabadiliko ya oksijeni katika damu, kisha mtafiti analinganisha sehemu zilizowaka kushoto na kulia na kupata kipeo kimoja, yaani namba ya ulinganisho huo, ambacho mara nyingi kikizidi 0.2 mtu huandikwa kuwa wa kushoto, kikishuka chini ya hasi 0.2 huandikwa kuwa wa kulia, na kilicho katikati kinaitwa cha pande mbili. Mpaka huo umewekwa na watu. Ukibadilisha kazi anayopewa mtu, kutoka kutunga maneno hadi kusikiliza hadithi, kipeo hubadilika, kwani kusikiliza hutumia pande zote mbili kuliko kusema. Sehemu ya ugomvi kati ya kambi hizi inatokana na kwamba mmoja alipima kusema na mwingine akapima kusikia.

Kipimo kinachopendwa zaidi humtaka mtu ataje maneno mengi kadiri awezavyo yanayoanza kwa herufi fulani. Kwa Kiingereza kazi hiyo inaeleweka. Kwa Kiswahili, ambapo nomino zimefungwa kwenye ngeli na karibu kila kitenzi kikitajwa peke yake huanza na "ku", herufi K inafungua mlango wa vitenzi vyote vya lugha, wakati herufi F inaacha vichache. Kidholuo hakina ngeli za namna hiyo. Mtu yuleyule akipimwa kwa lugha hizo mbili na picha zikatofautiana, hatuwezi kusema tumeona tofauti ya lugha ubongoni. Huenda tumeona tofauti ya ugumu wa swali. Kuna na suala la toni. Kidholuo hutumia kupanda na kushuka kwa sauti kutofautisha tendo lililokamilika na lisilokamilika, jambo ambalo Kiswahili hakina. Nusu ya kulia inajulikana kwa kushughulikia kima cha sauti, lakini kazi za Jackson Gandour na wenzake kwa wasemaji wa Kithai na Kichina zinaonyesha kwamba toni ikibeba maana ya neno, nusu ya kushoto huichukua. Sioni sababu ya kutarajia mengine kwa Kidholuo au kwa lugha za Kiluhya zenye toni, ingawa kutarajia si kupima.

Sasa nirudi kwenye mkono, kwa kuwa hapa ndipo naamini matokeo ya nje yanatupotosha zaidi. Dodoso linalotumiwa kote duniani ni lile la Edinburgh, lililotolewa na Richard Oldfield mwaka 1971. Lina vitendo kumi: kuandika, kuchora, kurusha, kutumia mkasi, mswaki, kisu, kijiko, ufagio, kuwasha kiberiti na kufungua kifuniko. Swali la ufagio linauliza ni mkono upi unaoshika juu, likimfikiria mtu aliyesimama na ufagio wa mpini mrefu. Nyumba nyingi za vijijini hufagiwa kwa ufagio mfupi wa kushikwa kwa mkono mmoja, mtu akiwa ameinama. Kijiko hakifiki mezani panapoliwa ugali. Na ugali huliwa kwa mkono wa kulia hata na yule ambaye mkono wake wa asili ni wa kushoto, kwa kuwa kulia kumeambatanishwa na adabu: mzee hapokezwi kitu kwa kushoto, na mtoto anayejaribu hukumbushwa mara moja. Katika vizazi vilivyotangulia wapo waliochapwa shuleni kwa kuandika kwa kushoto.

Uchambuzi wa Marietta Papadatou-Pastou na wenzake wa mwaka 2020, uliojumlisha watu zaidi ya milioni 2, ulikuta wenye shoto ni asilimia 10.6, na kwamba idadi hiyo huyumba kati ya asilimia 9.3 na 18.1 kulingana na namna mtafiti anavyowafafanua. Mahali ambapo jamii inageuza mkono, dodoso litawaandika waliogeuzwa kuwa watu wa kulia. Ubongo, hata hivyo, haugeuki wote: Hartwig Siebner na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba watu wazima waliolazimishwa utotoni kuandika kwa kulia bado walikuwa na shughuli nyingi katika nusu ya kulia walipoandika kuliko watu wa kulia wa kuzaliwa. Kwa hiyo kikundi cha "wanaotumia kulia" cha Kisumu si sawa na kikundi cha jina hilo cha Münster, na kuchukua ile asilimia 4 na kuibandika hapa ni kosa.

Kuna na kikundi kingine kinachopaswa kutajwa kwa uangalifu. Rasmussen na Milner waliona kwamba miongoni mwa wenye shoto waliojeruhiwa nusu ya kushoto wakiwa wadogo, zaidi ya nusu walikuwa na lugha upande wa kulia, kwa kuwa ubongo mchanga huhamisha kazi. Tafiti za Kilifi zimeonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaonusurika malaria kali hubaki na kifafa au matatizo ya usemi. Kandokando ya Ziwa Victoria malaria ni ya mwaka mzima, na nafikiri si haki kumpima mgonjwa wa kifafa wa huku kwa takwimu za mahali ambapo malaria haipo. Jambo hili lisifanye mzazi yeyote aone shoto ya mwanawe kuwa dalili ya ugonjwa. Wenye shoto walio wengi wamezaliwa hivyo, na ni wazima kabisa.

Wanaosema kwamba msingi ni mmoja kwa binadamu wote, na kwamba hospitali zenye upungufu zisisubiri utafiti wa kienyeji ili kutoa huduma, wana hoja. Kwa mgonjwa wa kiharusi, daktari akikisia kushoto atapatia mara nyingi. Lakini kwa upasuaji, kukisia hakutoshi, na hata kupima lugha moja hakutoshi: George Ojemann na Harry Whitaker walionyesha tangu 1978, kwa kugusa ubongo kwa umeme mgonjwa akiwa macho, kwamba kuna vijisehemu vinavyokatiza utajaji wa lugha moja na kuiacha nyingine. Mgonjwa akiulizwa kwa Kiingereza pekee kwa sababu ndiyo lugha ya faili, anaweza kupoteza ile anayotumia na wajukuu.

Mashine za MRI zina gharama, na foleni zake ni za wagonjwa. Kifaa alichotumia Knecht ni cha mawimbi ya sauti, kinabebeka, na kinaweza kumpima mtu mmoja kwa lugha tatu akiwa ameketi. Hakionyeshi ni sehemu ipi hasa ya ubongo inayofanya kazi, ila kinaonyesha upande, na upande ndio unaobishaniwa. Kikitumiwa Kisumu au Eldoret pamoja na dodoso linalouliza pia mtu alianza kutumia mkono upi kabla ya kukatazwa, kingetupa jibu ambalo Ulaya haiwezi kutupa. Ningeanza na waliogeuzwa mkono, kwa kuwa dodoso lililopo haliwatambui, na wengi wao sasa ni wazee walio katika umri wa kiharusi.