Maghribi Inaingia Katikati ya Julai

Saa nane hii ya usiku nimelala na miwani ya jua. Msicheke. Pazia la hapa ni kitambaa cheupe cha kupendeza macho, jua linapita kama halijaona kitu, na juu ya dirisha kuna ndege mwenye kiota anapiga kelele tangu jana. Au tangu leo? Maana jana yenyewe haijaisha.

Nilinyanyua kandambili nimtupie. Mpwa wangu, mtoto wa miaka tisa, akanidaka mkono: "Mjomba, huyo ni krykkje, yuko hatarini kutoweka!" Kumbe ni ndege wa orodha, serikali ya Norwe inamtambua. Nikaishusha kandambili kwa heshima zote, nikajilaza nikijiuliza mimi nimo kwenye orodha gani.

Haya yote ni ya dada yangu. Ameolewa huku miaka kumi na miwili, mwaka huu akanitumia tiketi: "Kaka, njoo upumzike, tutakupeleka kijiji cha wavuvi." Dada huyu tumetoka tumbo moja, Pangani, nyumba ya tatu kutoka diko, pale mashua za samaki zinapofikia. Hivi anamwalika nani kijiji cha wavuvi? Mimi nimesomeshwa kwa fedha ya samaki ili nikikimbie kijiji cha wavuvi. Nimebadilisha ndege mara tatu, nimekuja kutokea palepale nilipotoka, ila hapa nalipia.

Halafu ujumbe wake: "Tunaenda Å." Nikakaa na simu nangoja neno limalizike. Nikangoja mpaka chai ikapoa. Kumbe ndilo jina zima, herufi ya mwisho ya alfabeti yao, wanaitamka "oo" kama mtu aliyekanyaga msumari, na maana yake ni kijito. Barabara kuu ya visiwa hivi vya Lofoten inakatikia hapo, mbele ni milima na maji. Kibao chenye jina la kijiji kimeibwa na watalii mara nyingi. Niliposikia hivyo nikapata faraja kidogo, nikasema afadhali, angalau hawajakamilika.

Feri kutoka Bodø inakwenda zaidi ya saa tatu. Yaliyonikuta humo, mimi mtoto wa pwani, sitayasimulia. Kuna bibi mmoja wa Kizungu alinishikia mfuko, Mungu amlipe.

Nyumba tuliyofikia ni nyekundu, imesimama kwenye nguzo juu ya maji. Wanaiita rorbu. Dada akaanza kunieleza kwa sauti ya mtembeza watalii: ro ni kupiga makasia, bu ni kukaa, za kwanza alizijengesha mfalme Øystein, mwaka 1120 hivi, ili wavuvi wanaokuja msimu wa baridi wasilale chini ya mashua zilizopinduliwa. Nikamwambia dada, hii ni dago, kambi ya wavuvi wa msimu. Ndugu zetu wanakaa dago misimu na misimu na hakuna aliyekuja kuwapiga picha. Hata huo wekundu si urembo, zamani ni udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya samaki, rangi ya asiyenacho. Mwenye fedha alipaka nyeupe. Leo rangi ya asiyenacho ndiyo ghali. Bei ya usiku mmoja siitaji, mama yangu ana presha.

Kilichonimaliza ni saa. Sisi wenye saa zetu tunahesabu kuanzia jua lilipochomoza, sivyo? Saa moja ni saa moja tangu limetoka. Sasa hapa jua halichomozi, kwa sababu halijazama, linazunguka tu angani kama mlinzi wa zamu. Saa moja ianzie wapi? Juzi nimeamka, simu inasema saa nne, nje kweupe. Nikaoga, nikavaa, nikachemsha chai, nikakaa mezani najiuliza hawa watu wavivu namna gani. Dada akatoka chumbani na khanga kichwani: "Kaka, saa nne ya usiku hii." Nikamuuliza basi Maghribi inaingia saa ngapi. Akafikiri kidogo. "Katikati ya Julai."

Mengine madogo madogo. Shemeji anaoga baharini, anasema maji leo mazuri, nyuzi 12. Kwetu soda ikifika nyuzi hizo muuza duka anakuhakikishia imeganda. Kuna jibini la rangi ya sabuni ya mche, tamu kama limekosewa. Na karibu kila mtu analipa kwa kadi, hata chooni.

Lakini nililotaka kusema ni la yule mzee.

Bandarini pana kibanda kinachouza samaki mkavu. Nikaona hapa ndipo mahali pangu, ng'onda haiwezi kunipiga chenga. Mzee amekaa kwenye kreti, ndevu nyeupe, sweta la sufu mwezi wa Julai. Nyuma yake samaki wananing'inia, na karatasi imeandikwa kroni 250. Hiyo ni kama elfu sitini za kwetu. Kwa samaki mmoja. Hana kichwa! Vichwa nimeambiwa husafirishwa Nigeria, na wenyewe Nigeria wanajua wanachofanya.

Nikakunja mikono ya shati. Mimi nimelelewa na mwanamke ambaye akitokeza diko wavuvi wanajifanya wamelala.

"Shikamoo," nikamwambia, maana adabu haina mpaka, kisha nikaingia kwenye Kiingereza changu cha kuungaunga. "Mzee wangu, samaki ni mzuri, lakini mimi mgeni. Nina mia."

Mzee akanitazama. Akatazama bahari. Halafu ghafla akavuta pumzi, "hhya!", mabega yakapanda mpaka masikioni.

Nikashtuka. Mama amewahi kutukanwa kwa bei, amewahi kuapiwa kwa Mungu na kwa kaburi la babu ya mtu, ila sijaona aliyekatika pumzi. Nikajua nimemvunjia heshima mzee wa watu.

"Basi mia na ishirini."

"Hhya!" Safari hii na macho akayafumba.

"Mia na hamsini, mzee wangu, usiumie."

"Hhya!"

Nikatazama kulia na kushoto kama nitaona muuguzi. Hiyo ni pumu, nikasema moyoni, na anayeichochea ni mimi. Nitaua mtu ugenini kwa sababu ya ng'onda. Mia na themanini. Hhya. Mia mbili. Hhya nyingine, ndogo, ya mtu anayeaga. Jasho linanitoka kwenye baridi ile. Mia mbili na hamsini! Hhya! Sasa jamani, bei si hiyo yako mwenyewe uliyoiandika kwa mkono wako? Unashtuka nini tena? Mia mbili na sabini!

Hapo akatulia. Akanyoosha kidole kwenye karatasi, akasema taratibu kama anamfundisha mtoto kuhesabu: "Ni mia mbili na hamsini." Akanisogezea mashine ya kadi.

Nikarudi nyumbani na samaki wangu kwapani, mgumu kama mpini wa jembe, nikawasimulia. Mpwa wangu akacheka mpaka andazi lake la mdalasini likaanguka. "Mjomba, alikuwa anasema ndiyo! Wa huku kaskazini wanasema ja kwa kuvuta ndani."

Naomba mlipime hilo. Neno la kukubali, herufi mbili, hewa ya bure, na bado wanaivuta ndani ili isipotee.

"Kwa hiyo," nikamuuliza dada, "alikubali mia?"

"Labda. Au alikuwa anakwambia tu kwamba amekusikia. Inategemea."

Inategemea! Mama alitufundisha wote wawili kazi hii, mimi na yeye, leo ananiambia inategemea. Kroni 150 zimeondoka au hazikuondoka, hakuna ajuaye isipokuwa Mungu na yule mzee. Nimefikiri nirudi nimuulize. Nitamuulizaje? Na atajibuje?

Huyo samaki mwenyewe ni siku ya tatu yuko kwenye beseni. Hajatiwa chumvi, hajafukwa moshi, kuanzia Februari mpaka Mei ametundikwa kwenye chanja kwa upepo na baridi tu, na wala hakuna dalili kwamba amegundua ameingia majini. Kamusi inamwita chewa. Chewa ninayemjua mimi akimwona huyu atakana undugu. Nilitaka nimpike kwa nazi, nikapata nazi ya kopo, nikagonga samaki kwa nyundo, shemeji akaja kuuliza kama nahitaji msaada wa kutengeneza kabati. Nilipotaka kumwona akiwa angali mbichi nikaambiwa nimechelewa, hao wanatoka Bahari ya Barents, wanafika Januari na kuondoka Aprili. Chanja zote ni ujiti mtupu. Nimekuja kijiji cha wavuvi wakati samaki hawapo, wavuvi wanapangisha nyumba, na walioko kazini ni ndege wa orodha.

Kuna Mwitalia mmoja, Pietro Querini, meli yake ilimharibikia akatupwa kisiwa cha Røst, kusini ya hapa, mwaka 1432. Wakampokea vizuri, akarudi kwao na samaki mkavu, na mpaka leo Waitalia wanamnunua kwa wingi. Sawa, yeye alitoka Venisi. Mimi nitashuka Pangani na samaki mkavu begani? Mke wangu ameshaniuliza zawadi gani namletea. Nimemwambia mtandao unakatika.

Ngoja, mtu anagonga. Ni shemeji, mishipi miwili mkononi, buti mpaka magotini. Saa tisa ya usiku hii, na jua lake nyuma ya kichwa. Anasema samaki wadogo wa kiangazi wanakula vizuri sasa, mashua iko tayari, twende?

Nimeshtuka nikavuta pumzi: hhaa!

Ameshika bega langu kwa furaha, ameteremka kufungua kamba.