Si mlango jamani, anza na paa

Juzi kuna mwenzangu mmoja, na yeye hujenga stesheni ndogondogo za treni za modeli, alinitumia picha za kazi yake mpya, na kazi ni safi wallahi, madirisha yana nondo, mlango una kitasa, kibao cha jina kimeandikwa kwa herufi ambazo mimi bila miwani sizipati, lakini paa, ya Rabi, paa amekata kadibodi akaipaka rangi nyekundu ya dukani akamaliza. Wiki mbili kwenye milango, nusu saa kwenye paa. Sikumwambia kitu, nilimtumia tu kidole gumba, lakini hilo jambo limenikaa kifuani mpaka leo naona bora niandike, manake hata mimi nilikuwa hivyo hivyo na si zamani.

Hebu fikiria meza ya treni unaitazamaje. Yangu ina kimo cha sentimita 75, mimi nikisimama jicho langu liko juu ya stesheni kwa kama sentimita 80 hivi. Najenga kwa skeli ya 1:76, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 76, ile Waingereza wanayoiita OO, kwa hivyo hizo sentimita 80 kwa watu wadogo wa pale mezani ni mita 60 na ushei. Yaani umesimama ghorofa ya ishirini unachungulia stesheni isiyo na hata ghorofa moja. Sasa ukiwa huko juu kitasa unakionea wapi? Unaona paa, baada ya paa unaona paa jengine, halafu labda kipande cha jukwaa na kichwa cha mtu. Mgeni akiingia chumbani kwangu kitu cha kwanza anachokiona ni mapaa, mlango ataufikia akiinama, na wengi hawainami.

Halafu kuna jua, na hapa ndo watu wa Pwani tunapojikosesha wenyewe. Mafunzo mengi ya hii kazi yanatoka Uingereza na Ujerumani na Marekani, na kwao jua linakuja kwa ubavu, linagonga ukuta, kila tofali linatoa kivuli chake, basi wana haki ya kuhangaika na matofali. Sisi Mombasa tuko digrii 4 kusini ya ikweta. Mwezi wa Machi, na tena Oktoba, saa sita na ushei mchana jua liko utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Saa hiyo paa linawaka mpaka macho yanauma, na ukuta wote uko kizani chini ya upenu, ndo maana wazee walijenga upenu mpana na baraza, si urembo, ni jua. Mimi taa yangu ilikuwa ya pembeni, ya kusomea, na kila nikipiga picha nikawa najiuliza mbona stesheni ya hapa kwetu inafanana na Uingereza saa kumi na moja jioni. Nilipoitundika taa juu ya meza, tena juu haswa, ukuta nilioukesha usiku tatu ukapotea kwenye kivuli na ile kadibodi ya paa ikabaki imeng'aa peke yake kama upara. Niliona haya, na nilikuwa peke yangu chumbani.

Lakini aliyenimaliza ni ami yangu. Amefanya kazi relwe miaka mingi upande wa mizigo, siku hizi amestaafu. Alikuja kula kwetu Ijumaa moja baada ya swala, nikamvuta nikamwonyeshe meza, nikijua huyu ndo atanisifu manake ndo mwenyewe. Akaweka mikono nyuma, akainama, akatazama sana, akazunguka upande wa pili, mimi nasubiri. Akasema, "Mwanangu, nzuri, mashallah. Lakini stesheni yako hii haijanyeshewa hata siku moja."

Basi. Akaenda kunywa chai yake.

Nikamfuata na kikombe changu nikamuuliza ami, una maana gani, ndo akafunguka. Na ajabu ni kwamba katika yote aliyoyasema hakugusa ukuta. Alisimulia stesheni moja ndogo huko njia ya Voi aliyokaa ujana wake, mvua ikinyesha kwenye mabati kelele mpaka ukizungumza na simu ya stesheni ya pili unapiga mayowe na bado husikilizani, na kuna bati moja pembeni lilikuwa limeachia msumari, upepo wa usiku ukianza linapiga pa, pa, pa, mpaka wakapanda wakaliwekea jiwe, na hilo jiwe likakaa huko juu kwa miaka. Mchirizi ulikuwa umepinda katikati kwa hivyo maji hayakumwagikia kwenye pipa, yalimwagikia nusu hatua kando ya pipa, na kila mtu alijua na hakuna aliyeusogeza mchirizi, wala pipa. Mtu amekaa mahali miaka na anachokumbuka ni paa! Nikang'oa ile kadibodi usiku ule ule, nikaamua nijenge hiyo stesheni yake, si ya kubuni tena.

Na ukifikiri, mabati na reli yetu vimekuja pamoja. Reli ilianza kujengwa hapa Mombasa 1896, ikafika ziwani Kisumu 1901, na majengo mengi ya mwanzo ya njia ile yalikuwa ni mbao na mabati, manake bati linapakiwa na mataruma na vyuma vya reli kwenye behewa lile lile, linashushwa, linapigiliwa, mnakwenda mbele. Hata stesheni ya SGR, ile reli mpya, kule Miritini iliyofunguliwa 2017, tazama picha yake iliyopigwa kutoka juu ndo utaielewa, yale maduara yake ukiwa chini kwenye foleni ya mizigo huyaoni.

Haya sasa, kazi yenyewe. Bati la mawimbi la zamani, kutoka mgongo wa wimbi mpaka mgongo wa wimbi ni inchi 3, milimita 76. Kwa skeli ya 1:76 hiyo ni milimita 1 kamili. Na bolti ya M6, ile ya unene wa milimita 6, thredi yake ya kawaida, kutoka mstari mpaka mstari, ni milimita 1 kamili! Mimi nilipogundua hilo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Ukienda hadiwea yoyote ununue ile fimbo ndefu ya M6 yenye thredi mwanzo mwisho, una kiwanda cha mabati mkononi. Foili chukua ya yale masahani ya biriani ya kubeba, ni nzito kiasi chake, si ile ya kufungia samaki ambayo ukiitazama tu inachanika. Ioshe mafuta kwanza (mimi sikuosha, rangi ikatoka yote kama ngozi ya nyoka), ilaze juu ya kandambili kuukuu, kisha biringiza fimbo huku unakandamiza kwa mikono miwili. Mistari itatoka mshazari kidogo kwa sababu thredi inazunguka, usibabaike, ukikata fuata mistari, usifuate ukingo wa foili.

Na usikate paa zima kwa kipande kimoja, nakuomba. Hapo ndo watu huniudhi. Paa la mabati si shuka, ni mabati mengi yaliyolaliana. Bati la mita 3 litakuwa milimita 39, upana kama milimita 10, unakata moja moja, unaanza chini kwenye mchirizi unapanda juu, kila moja linamlalia mwenzake wimbi moja. Banda la mizigo la stesheni yangu limekula mabati 116, nimehesabu, usiku nne, na mke wangu alikuwa akipita mlangoni anauliza fundi, leo mvua haitatuingilia? Lakini ukimaliza, ile mistari ya maungio isiyonyooka sawasawa, kwa sababu mkono ni mkono, ndo hiyo hiyo unayoiona kwenye mapaa ya kweli.

Kutu sasa. Watu wanachukua brashi wanapaka hudhurungi paa zima, kama wamemwagia mchuzi. Kutu haiko hivyo. Panda ukuta wa Fort Jesus upande wa Mji wa Kale utazame mapaa bila haraka, utaona kutu inaanza kwenye misumari, na misumari imefuata mapao, kwa hivyo kutu inakwenda kwa mistari ya kukata paa, halafu inateremka na maji kutoka kwa kila msumari, halafu inakula maungio na ncha za chini. Katikati ya bati pamebaki kijivu muda mrefu sana. Na chumvi ya mji huu haina huruma, upande wa kwetu unaopigwa na upepo wa bahari umekwisha na upande wa pili bado unang'aa. Rangi ya kutu mimi siinunui, nakwangua geti letu la nyuma, naisaga, naipitisha kwenye chujio la chai (nimeshanunua jipya, msiniulize), nachanganya na tone la gundi nyeupe ya seremala na maji mengi. Kutu ni kutu, rangi yake haikosei.

Kisha fanya hivi: toa mabati matatu makuukuu, uweke matatu mapya yanayometa, si pamoja, moja huku, mawili kule. Paa lote litakubalika hapo hapo, manake macho yanajiambia kuna mtu alipanda kuziba, kwa hivyo kulikuwa kunavuja, kwa hivyo kuna mtu anaishi.

Na kunguru. Hakuna paa Mombasa lisilo na kunguru, kumsahau ni kama kusahau bahari. Kunguru wetu hawa ana urefu wa kama sentimita 40, kwa skeli yangu ni milimita 5 na kidogo, yaani punje ya mchele. Mchele kweli! Natafuta punje zenye ncha, nazipaka nyeusi, shingoni kijivu, nazigandisha watatu juu ya paa na mmoja peke yake kwenye tangi la maji, na chini ya pale walipokaa navuta mstari mweupe, unajua ni wa nini. Ila paka vanishi kwanza. Kundi langu la mwanzo sisimizi walilibeba, niliamka asubuhi nikamwona kunguru wangu anatembea kwenye ukingo wa meza.

Makuti ni hadithi nyingine, nitasema moja tu: si ya manjano. Makuti ya manjano ni ya hoteli yaliyoezekwa juzi. Makuti ya mtu wa kawaida yamekula mvua misimu miwili yakawa kijivu. Nyuzi za kamba ya katani zilizolowekwa kwenye wino mweusi mwepesi sana zinatosha, unazigandisha kwenye vipande vyembamba vya karatasi ya daftari, unaezeka kutoka chini kwenda juu kama yenyewe.

Najua kuna mtu ataniambia wewe unasema ukweli wa kutu na reli zako zenyewe ni uongo. Ni kweli. Reli ya zamani upana wake, kutoka chuma mpaka chuma, ni mita moja, kwa 1:76 ilitakiwa iwe milimita 13 na nukta, na yangu ni zile za OO za milimita 16.5 manake nilipata seti ya mitumba ya Hornby, kampuni ya Kiingereza ya treni za modeli, na hela ya kubadilisha sina. Zimezidi kwa zaidi ya milimita 3. Lakini ami yangu, mtu wa relwe, amesimama juu ya reli hizo robo saa nzima, hakuliona hilo, akaona paa halijanyeshewa. Mimi nimeshapata jibu langu hapo.

Jambo moja la kuhadhari, kadibodi na hewa ya hapa hazipatani. Stesheni yangu ya kwanza mwezi wa Mei, mvua za mwaka zimekolea, ilijikunja kama mkeka, paa likainuka upande mmoja, na nilikuwa nimepaka vanishi nje tu. Paka nje na ndani, pande zote mbili, hata sehemu isiyoonekana, unyevu unaingilia huko huko.

Banda la mizigo limekwisha, jiwe liko juu ya bati la pembeni, pipa liko nusu hatua kando ya mchirizi. Ami alikuja tena Ijumaa iliyopita, akainama, akakaa kimya, nikajua leo nimepita. Akaweka kidole juu ya chumba cha tikiti, hajagusa, akasema, "Hapa palikuwa panavuja. Tulikuwa tunaweka ndoo." Nikamwambia ami, ndani hakuonekani, paa limefunika. Akasema, "Ndoo ilikuwepo lakini."

Nimetengeneza ndoo, milimita 4, kutoka kwa kipande cha kalamu ya biki. Leo usiku nitainua paa niiweke.