Tisheti Haimwagilii Mche

Nina tisheti ya kijani niliyopewa mwaka jana, imeandikwa mgongoni kwamba mimi ni rafiki wa mazingira. Siku hizi naipigia deki jikoni, na kwa kazi hiyo haina mfano. Niligawiwa ukingoni mwa Mto Auji, hapa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, siku tuliyopanda miche 200. Mheshimiwa mmoja alifika akiwa amechelewa saa mbili nzima, akashika jembe, akapigwa picha, akaondoka. Mvua ilipokatika, kikundi cha vijana waliootesha ile miche kitaluni kikaachiwa mzigo wote.

Wiki ya tatu nilimkuta mwenyekiti wao, binti niliyemfundisha darasa la saba, anasukuma mkokoteni wenye mitungi minne. Maji ya kibandani, shilingi tano mtungi. Mbuzi wa majirani walikuwa wamemtangulia, wanapita mche kwa mche kama wateja wanaochagua sukuma wiki. Kila alipoufikia mche wa siala aliuzungushia matawi ya miiba, akashindilia udongo kwa kisigino, kisha akamimina maji polepole kwa kopo la mafuta ya kupikia ili mizizi isifukuliwe. Nikamwuliza kwa nini asichote mtoni, na mto huo hapo, hatua kumi.

"Mwalimu, hayo ni oili na sabuni. Tuliyajaribu kwa miche ya kwanza, ikakauka yote."

Nikauliza na ule msaada wa siku ya sherehe uliishia wapi. Akacheka. Kwenye bajeti yao walikuwa wameandika maji, mkokoteni na nauli ya watu sita. Mfadhili akavifuta vyote vitatu, eti mwenye kibanda cha maji hana risiti. Kilichopita ni bango, tisheti, hema na chakula cha wageni. Hivyo vina risiti.

Ugomvi wangu na sisi watu wazima uko hapo. Tunawaunga mkono vijana siku ya kwanza, tena kwa shangwe, halafu tunarudi nyumbani. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa likizo nzima tupande miti, nchi ikilenga miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tarehe 10 Mei 2024 tukapewa nyingine, ya kuwaomboleza waliouawa na mafuriko na kupanda miti tena. Sina neno na likizo. Ila likizo ya kumwagilia bado sijaiona.

Na dawa yake tunayo tangu zamani. Katika Green Belt Movement, iliyoanzishwa na Profesa Wangari Maathai mwaka 1977, akina mama walilipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Walilipwa vijisenti, lakini mche ukifa hela nayo imekufa, kwa hiyo mtu alirudi kuutazama. Leo, karibu nusu karne baadaye, bado tunalipia mashimo.

Ukitaka kujua kiongozi ni nani Nyalenda, ngoja mvua ya usiku mwezi wa Aprili. Auji inapita katikati ya makazi ikielekea Dunga, kwenye Ziwa Victoria, na kila chupa na nguo kuukuu iliyotupwa mtaroni huko juu huja kutuzibia huku chini. Vijana hao hao ndio wanaoingia maji yakiwafika kiunoni, wakiwa na reki na jembe, kuzibua. Wao ndio wanaojua ni nyumba ipi ina mgonjwa wa kubebwa kwanza. Mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lenyewe lilipanda likameza ufuo wa Dunga, tukawa na maji mbele na maji nyuma. Hakuna warsha iliyowafundisha la kufanya. Halafu kukikucha, mtu anashika kipaza sauti na kuwaita viongozi wa kesho.

Siku hizi kuna kamati za wadi za kupanga mambo ya tabianchi, chini ya mpango wa FLLoCA unaofikisha pesa hadi kwenye kaunti, na vijana wanatakiwa wawemo. Vizuri sana. Lakini mkutano ukiitwa Jumatano saa nne asubuhi, mwendesha boda atafikaje, na hiyo ndiyo saa ya kutafuta ugali? Asipofika, tunaandika kwamba vijana hawana nia. Mimi ningeuhamishia Jumapili alasiri, nauli mkononi, na hesabu ya pesa ibandikwe ukutani kwa chifu, kwa Kiswahili na Kijaluo.

Najua mtakachosema: vijana watakula hizo pesa. Wapo watakaokula, sidanganyi. Mweka hazina wa kikundi kimoja nilichokilea alihama mtaa pamoja na simu ya kikundi, na ndani yake akiba yetu yote. Nilinuna mwezi mzima. Lakini nimekaa kwenye kamati za harambee miaka mingi, nikaona hela zikiliwa na watu wenye mvi walioanza mkutano kwa maombi, na sikusikia hata siku moja mtu akipendekeza wazee wasiaminiwe tena. Anayeogopa na atoe kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi: aje ukingoni, ahesabu miche iliyo hai, ndipo aongeze.

Sisi tulihesabu juzi. Iliyo hai ni 83. Mwenyekiti aliandika kwenye daftari lake, akapiga mstari chini, kisha akaniuliza kama namjua mtu anayeuza tangi kuukuu la lita elfu moja, maana kiangazi kinakuja na mkokoteni umevunjika gurudumu. Namjua mmoja, yuko Kondele. Anataka elfu sita na hashuki. Tumefikisha elfu mbili na mia tatu.