Nasadiki ya Nisea: lawama kwa Wagiriki zinamkamata asiye mwizi

Mwaka 2025 Wakristo wa madhehebu mengi waliadhimisha miaka 1,700 tangu Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, na shutuma ya zamani ikaamka tena: kwamba Nasadiki, yaani ungamo la imani lililotoka huko na ambalo bado tunalisali, ni falsafa ya Kigiriki iliyopenyezwa kanisani. Mwanahistoria Mjerumani Adolf von Harnack aliitetea hoja hii kwa nguvu mwishoni mwa karne ya 19. Kwake yeye, mafundisho rasmi ya Kanisa yalikuwa kazi ya fikra za Kigiriki juu ya udongo wa Injili. Hoja ina uzito wake, lakini nadhani inamkamata asiye mwizi.

Tazama kwanza mifupa ya Nasadiki. Mpangilio wa Baba, Mwana na Roho haukutungwa darasani, ulitoka katika maji ya ubatizo. Maandishi ya kale yajulikanayo kama Mapokeo ya Kitume, ambayo huhusishwa na Hipoliti wa Roma, yanamwonyesha anayebatizwa akiulizwa maswali matatu, moja kwa kila Nafsi. Kila anapojibu "nasadiki", anabatizwa. Maneno "Mungu mmoja, Baba" na "Bwana mmoja Yesu Kristo" ni ya Paulo, 1 Wakorintho 8:6, na yalikuwepo zaidi ya miaka 250 kabla ya Nisea. "Mwanga kwa mwanga" inatukumbusha Waebrania 1:3. Na Ponsyo Pilato, anayetajwa katika Imani ya Mitume na katika Nasadiki ya mwaka 381? Sidhani mwanafalsafa wa Athene angemwingiza liwali wa Kirumi katika maelezo yake juu ya Uungu.

Mzozo wenyewe unabaki kwenye neno moja, homoousios, ambalo Wakatoliki kwa Kiswahili husali "mwenye umungu mmoja na Baba". Katika Biblia halimo. Tena lilikuwa na historia mbaya: Wagnostiki, makundi ya karne ya 2 yaliyodai kuwa na maarifa ya siri, walilitumia, na inasemekana sinodi ya Antiokia ya mwaka 268, iliyomhukumu askofu Paulo wa Samosata kwa uzushi, ililikataa. Ario, padri wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana alikuwa na mwanzo, alilihusisha na mafundisho ya Mani, mwanzilishi wa dini ya Wamanikeo. Kwa hiyo si wazushi peke yao waliolisita. Maaskofu wengi wa Mashariki waliliogopa kwa nia njema kabisa.

Ilikuwaje basi likapita? Atanasi, aliyekuwepo Nisea akiwa shemasi, alieleza miaka mingi baadaye kwamba maaskofu walijaribu kwanza maneno ya Maandiko. Walipopendekeza kusema Mwana "ametoka kwa Mungu", watu wa upande wa Ario wakakonyezana: sawa, mbona Mtume Paulo amesema vitu vyote vimetoka kwa Mungu? Kila kifungu walikipatia tafsiri yao. Atanasi ni mshindi anayesimulia vita yake mwenyewe, kwa hiyo simezi yote. Ila Ario mwenyewe anampa nguvu. Karibu mwaka 327 alimpelekea Kaisari Konstantino ungamo la imani lenye maneno mazuri ya mapokeo, lisiloligusa kabisa suala lililomfukuzisha, na Kaisari akaridhika.

Tena ukipima nani alikuwa karibu zaidi na Plato, jibu huenda likawashangaza wafuasi wa Harnack. Ario alianzia kwa Mungu asiye na chanzo, asiyeweza kushiriki na yeyote alivyo ndani yake. Wazo ambalo mfuasi wa Plato wa enzi zile angelipokea bila shida. Nisea iliazima msamiati wa Wagiriki ikasema jambo lililowakera: kwamba aliyeteswa ni Mungu kweli.

Kinachonisumbua mimi ni ikulu. Askofu Eusebi wa Kaisarea aliliandikia kanisa lake mara baada ya mtaguso akijieleza kwa nini alitia sahihi, na humo anasema ni Kaisari mwenyewe aliyehimiza neno lile liongezwe. Konstantino hakuwa hata amebatizwa. Alibatizwa mwaka 337, akikaribia kufa. Ario na maaskofu wawili wa Libya waliokataa wakapelekwa uhamishoni. Sahihi inayotiwa mbele ya mwenye jeshi ni sahihi ya namna gani? Na mkono huohuo baadaye uligeuka. Chini ya mwanawe, Kaisari Konstansi wa Pili, kikao cha maaskofu cha Sirmio cha mwaka 357 kilipiga marufuku ousia (asili ya kitu, shina la homoousios) na maneno yote ya ukoo wake, kwa hoja kwamba hayamo katika Maandiko. Hapo "Biblia tu" ilikuwa sera ya serikali.

Katika mtaguso wa Konstantinopoli, mwaka 381, uliotupa Nasadiki tunayoisali leo, maaskofu walifanya jambo ambalo wakosoaji hulipita haraka. Walipofika kwa Roho Mtakatifu hawakumwita homoousios. Walisema ni Bwana, mleta uzima, anayeabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana. Ndiyo njia aliyoipita Askofu Basili wa Kaisarea: hoja inatoka katika ubatizo na sala. Rafiki yake, Askofu Gregori wa Nazianzo, aliuona huo ni ulegevu, akalalamika waziwazi. Mimi nauona ni ustadi, ingawa na safari hiyo Kaisari, Theodosi, ndiye aliyeita kikao.

Je, tunaweza kusali bila neno lile la Kigiriki? Karibu mwaka 1960, Wamasai wa Tanzania na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walitunga ungamo lao. Yesu humo ni Mwana wa Mungu, Myahudi kwa kabila, aliyezaliwa maskini katika kijiji kidogo, aliyekuwa safarini daima akitenda mema. Alizikwa, fisi hawakumgusa, siku ya tatu akafufuka. Napenda kulisoma kuliko maungamo mengi ya Ulaya. Lakini Ario angelisali lote bila kusita, kama ambavyo angeisali Imani ya Mitume. Padri Mtanzania Charles Nyamiti, aliyemweleza Kristo kuwa mhenga wetu, hakuiweka Nisea kando ili kulisema hilo. Alijenga juu yake. Anayetaka neno la kigeni liondoke ana haki ya kudai la kwetu, ila liwe neno ambalo Ario hawezi kulitamka.