Land Rover Kuukuu: Gharama ya Kuifufua na Gharama ya Kuiacha

Mtu akisema kwamba anataka kuifufua Land Rover 109 ya miaka ya 1970, au 110 ya miaka ya 1980 (namba hizi ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ambayo imelala nyuma ya nyumba huku sehemu zake za chuma zimeliwa na kutu na giaboksi inavuja oili, ushauri anaopewa karibu kila mara ni mmoja: aiuze kwa wanunuzi wa skrepa, aongeze akiba, kisha aagize gari lililotumika kutoka Japani. Wanaotoa ushauri huo si wajinga. Wamewaona jamaa zao wakitia maji kwenye pakacha, mwezi huu klachi, mwezi ujao radieta, na mwisho wa mwaka gari bado liko juu ya mawe. Hata hivyo hesabu yao ina kasoro moja, nayo ni kwamba hulinganisha fedha za matengenezo na bei ya gari hilo sokoni. Mwenye gari hauzi. Anachotafuta ni chombo cha kupita barabara ya udongo wakati wa masika kikiwa na magunia ya mahindi nyuma, na kwa hiyo swali linalomhusu ni kiasi gani kingemtoka kupata chombo kingine kinachoifanya kazi hiyo hiyo.

Hoja za upande wa kuuza zinastahili kusikilizwa. Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 iliyofungwa katika 109 nyingi hula lita moja kwa takriban kilomita 6, na mwendo wake barabarani ni wa uvumilivu. Breki zake ni za dramu magurudumu yote manne. Zikilowa baada ya kuvuka mto hazishiki vizuri mpaka zikauke, na kwa mtu aliyezoea gari la kisasa jambo hilo linatisha kweli. Mikanda ya usalama, kama ipo, ilifungwa baadaye. Kuna pia gharama ya muda, kwa sababu gari lililofunguliwa haliingizi kitu. Tena kuna spea za bandia, ambazo kwa Land Rover ni nyingi kupita kiasi, na kwazo usemi wa rahisi ghali hauna mjadala: sili ya bei ya chini ikivuja baada ya miezi michache, fundi hulipwa mara mbili kwa kazi ile ile. Anayehitaji gari la kwenda ofisini kila asubuhi Dar es Salaam au Nairobi hana sababu ya kuendelea kusoma hapa.

Kwa anayelihitaji kwa kazi ya shamba au ya porini, tuitazame ile njia nyingine inayosifiwa. Kwa viwango ambavyo Tanzania imekuwa ikivitumia kwa miaka mingi, gari la abiria lenye injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, kisha VAT ya asilimia 18. Watu wengi hujumlisha namba hizo wakapata 53 na kuishia hapo. Lakini kila tozo hukaa juu ya ile iliyotangulia: shilingi 100 zinakuwa 125, 125 zinakuwa 137.5, na 137.5 zinakuwa 162 na ushei. Hapo hatujagusa tozo ndogo ndogo za bandarini, wala ushuru wa nyongeza unaoliangukia gari lenye umri mkubwa, ambalo ndilo pekee ambalo mtu wa kipato cha kati anaweza kulinunua. Kenya imefunga mlango huo kwa njia nyingine, kwa kukataa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa ufupi, anayeambiwa "agiza kutoka Japani" anaambiwa anunue gari moja na zaidi ya nusu, alilipe lote kabla halijatoka bandarini, na mara nyingi kwa mkopo. Land Rover iliyoko nyuma ya nyumba haidai ushuru wa forodha hata senti, na fedha za kuitengeneza hutoka kidogo kidogo, kadiri mavuno au mshahara unavyoruhusu. Wakosoaji huuhesabu utaratibu huo kuwa udhaifu, wakati kwa kaya nyingi ndio pekee unaowezekana.

Lipo pia suala la umbile lenyewe. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam Aprili 1948, na Defender (jina la baadaye la gari hilo hilo) ya mwisho ya ukoo huo ikatoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016. Katika miaka hiyo karibu 70 gari lilibadilika taratibu sana, na hadi mwisho liliendelea kuunganishwa kwa bolti: milango, mabawa, sakafu na paa vyote hufunguka kwa spana. Ndiyo maana fundi wa Karatu au Maralal asiye na kompyuta yoyote anaweza kuishusha difu chini ya mti na kuirudisha siku hiyo hiyo. (Anayeanza na asizichanganye spana: magari ya zamani yana bolti nyingi za inchi, ya baadaye yana za milimita, na 110 za katikati zina zote mbili.) Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilileta barabarani msururu mrefu wa magari haya, mengi yakiwa ni yale ambayo kwa hesabu ya wakosoaji yangekwisha yeyushwa zamani. Penye magari mengi spea hazikosekani, wala mafundi wanaoyajua.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo wakosoaji wana haki kamili, napo ni kwenye chesisi. Mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini, nayo haioti kutu nyekundu. Chini yake ikawekwa chesisi ya chuma iliyochomelewa kama sanduku refu, lenye matundu yanayoingiza maji na matope lakini hayayatoi yote. Matokeo yake ni kwamba chesisi huoza kutoka ndani kwenda nje, huku bodi iliyo juu yake ikiendelea kumwonyesha mnunuzi sura ya uzima. Gari lililoishi Tanga, Mombasa au Unguja kwenye hewa ya chumvi linaweza kuwa na rangi safi na chesisi ya kutoboka kwa bisibisi; lililoishi Dodoma au Babati linaweza kuwa na bodi iliyopondeka kila upande na chesisi inayolia vizuri ikigongwa. Nyundo ndogo ndiyo kipimo cha kwanza, nayo ipite kwenye mhimili wa nyuma kabisa, kwenye mikono inayoshikilia bodi chini ya miguu ya dereva, kwenye vishikio vya springi, na kwenye sehemu iliyopinda juu ya ekseli ya nyuma. Sauti ikiwa butu mahali pawili au patatu, kuoza kunakatwa mpaka kwenye chuma kizima na bamba jipya linachomelewa. Kubandika bamba juu ya kutu ni kuificha tu. Sauti ikiwa butu kila mahali, uza. Kupandikiza bodi kwenye chesisi ya gari jingine kunawezekana, lakini namba ya chesisi ndiyo kitambulisho cha gari kwenye kadi ya usajili, na asiyeifuata mamlaka mapema ataulizwa na polisi kwa nini namba hazilingani.

Chesisi ikishapita mtihani huo, ndipo mpangilio wa matumizi unapoamua kama fedha zitapotea au la. Wengi huanza na rangi na matairi makubwa, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana. Bajeti ndogo inataka kinyume chake: mabomba na silinda za breki, joint za stelingi, beringi za magurudumu, kisha radieta na mipira ya maji, kwa maana injini nyingi za magari haya hufa kwa joto kabla hazijafa kwa uzee. Rangi inaweza kusubiri miaka, kwani alumini haina haraka nayo.

Linabaki suala linalogawa hata wapenzi wa gari hili wenyewe: kung'oa injini ya asili na kufunga dizeli ya Toyota, Isuzu au Nissan. Wanaounga mkono wanasema kweli kwamba spea za injini hizo zipo hadi vijijini na mafuta yanapungua. Wanachosahau kukitia katika hesabu ni sahani ya kuunganishia giaboksi, vishikio vipya vya injini, marekebisho ya kadi, na udhaifu wa shafti za ekseli za nyuma za 109 za zamani zaidi, ambazo hukatika hata kwa nguvu ya injini ya kiwandani iwapo dereva ana mguu mzito. Anayelazimika kubadili atapata usumbufu mdogo akitafuta Tdi, injini ya dizeli yenye tabo ya Land Rover yenyewe, inayokwenda kilomita 9 au 10 kwa lita, mradi mkanda wa timingi ubadilishwe kabla injini haijawashwa kwa kazi. Lakini kabla ya yote hayo silinda nne za injini iliyopo zipimwe mgandamizo, kipimo cha saa moja kwa kifaa ambacho gereji nyingi zinacho. Injini nyingi zinazotangazwa kuwa zimekufa zina valvu zilizoungua au gasketi iliyopasuka tu, na kazi hiyo hufanyika kwa kufungua silinda hedi peke yake, injini ikiwa mahali pake.